Reli Isiyonyeshewa

Usiku wa tatu huu nachora wavu
juu ya reli ambayo haipo.
Pembetatu elfu arobaini na mbili:
kubwakubwa huko chini, kusikotokea kitu,
ndogo kama punje za ulezi hapa juu
kwenye ngozi ya chuma, chini ya koili,
maana mkondo wa kasi hauzami,
hutanda juujuu kama utando wa maziwa.

Chumba ni cha kupanga, Njoro, nyuma ya gereji.
Feni ya kompyuta inahema.
Asilimia kumi na nne. Kumi na tano.

Mlinganyo wenyewe si mrefu.
Sumaku imetulia, haina haraka.
Koili inapitishiwa umeme, kufumba na kufumbua,
na ndani ya chuma umeme mwingine unaamka,
unazunguka, unabisha.
Sumaku inausukuma ubavuni,
nao, kwa kuwa umo ndani ya chuma,
unakisukuma chuma chenyewe.
Ndiyo sauti hiyo.
Hakuna mafuta, hakuna maji, hakuna mkono uliogusa.
Chuma kimejigonga, kimeitika.

Baba alikuwa na nyundo.
Mcharo, wa genge la Kahe,
alitembea na njia hadi stesheni ya Moshi
akigonga, akiinamisha kichwa.
*Ngiii*: nzima.
*Ko*: ina ufa, tia alama ya chokaa.
Sikio la kulia lilimfia kazini;
la kushoto analitunza kwa taarifa ya habari ya saa mbili.

Nilimwonyesha mawimbi kwenye kioo,
nyekundu na buluu, yakitanuka
kama ukitupa kokoto mferejini.
Akauliza, "Reli hiyo ililazwa mwaka gani?"
Haijalazwa, baba. Ni ya hesabu.
"Imenyeshewa?"
Hapana.
"Basi itakujibu vizuri,"
akasema, akaongeza sauti ya redio.

Niliudhika, sitaficha.

Jumanne tukaenda, mimi na Elinami wa karakana,
na kifaa tulichokisuka kwa waya
wa mota iliyoungua ya mashine ya kusaga,
hadi kwenye kipande kilichong'olewa zamani,
kimetupwa nyuma ya stesheni,
nyasi zimekilalia, mbuzi wa mtu kafungwa hapo.
Tukamhamisha mbuzi.
Nilikuwa nimeahidiwa Kibo: kilele kimoja, laini.
Nikapata Mawenzi: meno, meno, meno.
Elinami akakaza nyaya, akapuliza, akasali kidogo.
Meno.

Nikakwaruza reli kwa ufunguo wa nyumba.
Ikabanduka kutu, chini yake rangi,
chini ya rangi kutu nyingine, nyeusi kidogo,
na tope la mwaka gani sijui.
Milimita moja na nusu
kati ya koili yetu na chuma cha kweli.
Kwenye wavu wangu niliandika sifuri nukta mbili,
nikaona hata hiyo ni ukarimu.
Na nguvu hii haipungui kistaarabu;
ukirudi nyuma hatua, yenyewe inarudi kumi.

Kwa hiyo usiku huu naongeza tabaka.
Programu inadai kila tabaka liwe na jina.
Koili. Hewa. Chuma.
Nikaandika: Mvua.
Asilimia tisini na moja, umeme ukakatika
Njoro nzima, hadi jenereta ya gereji ikakohoa bure.
Nikakaa gizani na mlinganyo wangu.
Saa tisa ukarudi. Asilimia sifuri.

Kulipokucha kilele kilikuwa kimeshuka,
kimepata meno mawili matatu.
Si yale ya Jumanne. Jamaa zake.
Kuna kisanduku kimoja bado kiko tupu
na vitabu nilivyo navyo havikijui.
Nikapiga simu.
Baba, ile reli ya nyuma ya stesheni,
ilikaa njiani miaka mingapi?
Upande gani ulitazama mvua?

Kimya. Mtangazaji anasoma bei ya mahindi.
"Subiri," akasema, "nizime redio."